Fao Linalochelewa
Mhadhara juu ya muda wa kungoja malipo ya kukosa kazi, uliotolewa mjini Tanga mbele ya wafanyakazi, makarani na wanafunzi wa sheria



Niliombwa nizungumze juu ya bima ya kukosa kazi kwa ujumla wake, nami, kwa idhini ya Mwenyekiti, nimejichukulia ruhusa ya kuupunguza upana wa maudhui hayo. Sitasema juu ya asili ya ukosefu wa kazi, wala juu ya kiasi cha fedha apewacho aliyekosa kazi, maana juu ya mambo hayo mawili wanazuoni wa uchumi wamekwisha kuandika hata rafu za maktaba zimelemewa. Madhumuni yangu ni kukitazama kipindi kimoja tu, ambacho katika vitabu vya sheria hupewa mstari mmoja au miwili, ilhali katika nyumba ya mtu huonekana kirefu kupita mwaka: kile kipindi kianzacho siku mtu atiapo saini madai yake, na kuisha siku fedha ziingiapo mkononi mwake.

Neno nikusudialo kulithibitisha ni hili, nami nalitaja mapema ili mwenye kupingana nami apate nafasi ya kujiandaa: kwamba fao la kukosa kazi ni fedha pamoja na wakati wake, na likija baada ya wakati huo kupita, hata likija kamili pasipo kupungua senti moja, huwa kazi yake imekwisha kufanywa na watu wengine, ambao hawakuombwa rai yao, na ambao sheria haiwajui hata kwa majina. Mifano yangu mingi nitaitoa Marekani, kwa sababu huko ndiko kadhia hii ilikodhihirika mbele ya macho ya walimwengu katika mwaka wa 2020. Kisha nitarejea nyumbani, maana nasi tunayo sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2018.

Hoja ya kwanza: kwamba kungoja kuliandikwa katika sheria kwa makusudi

Watu wengi hudhani kuwa kuchelewa kwa malipo haya ni taksiri ya makarani tu, lakini mwanzo wake umo katika sheria yenyewe. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya bima ya taifa mwaka 1911, na kuwakatia bima ya kukosa kazi wafanyakazi wapatao milioni mbili na robo wa ujenzi, wa uundaji wa meli, wa mitambo na wa kazi nyingine chache, liliagiza kwamba mfanyakazi atoe peni mbili na nusu kila wiki, na mwajiri wake atoe kiasi hicho hicho, na serikali itie fungu lake juu. Naye akipoteza kazi apewe shilingi saba kwa wiki, kwa muda usiozidi wiki 15 katika mwaka. Malipo yalianza kutolewa Januari 1913. Lakini wiki ya kwanza ya kukosa kazi haikulipwa kitu, na kutolipwa huko hakukuwa bahati mbaya wala usahaulifu, bali kulikuwa kumeandikwa.

Sababu zilizotolewa zilikuwa na akili ndani yake. Ilisemekana kuwa mtu mwenye akiba ndogo aweza kuistahimili wiki moja. Kwamba wengi hupata kazi nyingine baada ya siku chache, hivyo hazina huokolewa na wingi wa madai madogo ambayo gharama ya kuyaandika yapita thamani yake. Na kwamba karani hana budi kupewa nafasi ya kuuliza maswali yake. Mataifa yalipokutana Geneva mwaka 1952 chini ya Shirika la Kazi Duniani na kuandika Mkataba namba 102, unaoweka viwango vya chini kabisa vya hifadhi ya jamii, yaliukubali muda huo wa kungoja, ila yaliuwekea mpaka: usizidi siku saba za mwanzo.

Nchini Marekani jimbo lililotangulia lilikuwa Wisconsin, ambalo gavana wake alitia saini sheria Januari 1932, katikati ya ule mdororo mkuu uliowamwaga watu barabarani. Lakini cheki ya kwanza haikutoka mpaka Agosti 1936. Ilikuwa ya dola 15. Aliyeipokea hakuipeleka benki, bali aliiuza kwa dola 25 kwa Bwana Paul Raushenbush, mmoja wa waasisi wa sheria ile, aliyependa kuiweka iwe kumbukumbu. (Nadhani huyo muuzaji ndiye mtu pekee katika tarehe yote ya bima hii aliyepata zaidi ya alichostahili pasipo kushitakiwa.) Baada ya sheria ya hifadhi ya jamii ya tarehe 14 Agosti 1935, kila jimbo lilijiandikia sheria yake, na mengi yakaichukua ile wiki ya Waingereza; katika baadhi yake wiki hiyo hulipwa mwishoni, na katika mengine hailipwi kamwe.

Mimi siilaumu wiki hiyo, maadamu ni wiki moja kweli. Ugomvi wangu ni na zile wiki zifuatazo, ambazo hazikuandikwa na bunge lolote.

Hoja ya pili: kwamba nyuma ya wiki ya sheria zipo wiki za daftari

Chukueni mfano wa mtu aliyeachishwa kazi katika hoteli moja ya Marekani siku ya Ijumaa, naye Jumatatu akajaza madai. Ofisi ya jimbo hutafuta kwanza mishahara yake katika robo nne za mwanzo kati ya robo tano za mwisho za mwaka zilizokamilika, ili ijulikane kama anastahili, na anastahili kiasi gani. Na ikiwa alifanya kazi katika majimbo mawili, daftari la jimbo la pili nalo lina haki ya kuulizwa. Kisha barua hupelekwa kwa mwajiri wake wa zamani, naye hupewa siku kadhaa za kujibu swali lenye uzito kuliko yote: mtu huyu aliondokaje? Akijibu kuwa kazi ilikwisha, njia ni nyeupe. Akijibu kuwa aliacha mwenyewe, au alifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, madai hutolewa katika fungu la kawaida yakawekwa mbele ya mwamuzi, na mwamuzi ana foleni yake. Tena zingatieni kwamba katika takriban majimbo yote ni mwajiri ndiye alipaye kodi ya bima hii, na kiwango cha kodi yake hupanda kadiri wafanyakazi wake wa zamani wanavyolipwa. Basi yule anayeombwa ushahidi ana maslaha yake katika jawabu. Sisemi kuwa waajiri ni waongo. Nasema kuwa sheria imewapa sababu ya kutokuwa na haraka.

Wakati huo mdai naye ana shughuli yake isiyokoma. Kila wiki, au kila wiki mbili kwa kadiri ya jimbo, sharti athibitishe upya kwamba angali anastahili, kwa kujibu maswali yale yale: Je, wiki iliyopita ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi? Ulikuwa tayari kuifanya? Ulitafuta kazi, na kwa nani? Ulikataa kazi yoyote uliyopewa? Ulipata fedha yoyote, hata ya kibarua cha siku moja? Mtu muungwana aliyelala na homa siku mbili, akiulizwa kama aliweza kufanya kazi, hujibu kwa uaminifu kuwa hakuweza. Na jibu hilo moja laweza kuyafunga malipo yake mpaka afisa apate nafasi ya kumhoji. Mwingine, kwa kuwa hajapata hata senti, huona hapana haja ya kuthibitisha kitu ambacho hakijaja. Akanyamaza wiki tatu, na madai yake yakija kukubaliwa hukuta wiki hizo tatu zimemponyoka. Wazee wetu wa mashamba ya mkonge hapa Tanga, waliokuwa hawaoni ujira mpaka kipande, yaani kadi yao ya kazi, kijae siku thelathini, wangalilielewa jambo hili upesi kuliko mawakili wengi.

Na sasa ongezeni lugha. Katika mji wa Louisville, jimboni Kentucky, na katika miji mingine kama huo, wapo ndugu zetu wengi waliokimbia vita vya Kivu, ambao nyumbani huzungumza Kiswahili na kazini husikiliza Kiingereza kwa nusu sikio. Kwao swali lililopinda kidogo tu ni mtego usiokusudiwa. Mtu huweza kuwa anastahili kwa kila kifungu cha sheria, akakwama kwa neno moja la "ndiyo" lililowekwa mahali pa "siyo".

Hoja ya tatu: kwamba mwaka 2020 ulionyesha jinsi kungoja kunavyotengenezwa

Hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo.

Katika wiki iliyokwisha tarehe 14 Machi 2020, madai mapya nchini Marekani yote yalikuwa takriban 282,000. Katika wiki iliyofuata yalipita milioni 3, na katika ile iliyoifuata hiyo yakapita milioni 6. Kabla ya hapo kilele kilichojulikana kilikuwa cha Oktoba 1982, nacho kilikuwa 695,000. Maradhi ya korona yalikuwa yamefunga mikahawa, hoteli na maduka kwa mpigo mmoja, na watu waliokuwa hawajapata kuijua hata anwani ya ofisi ya kazi walijikuta wote wakiigonga kwa siku moja. Tarehe 27 Machi Rais alitia saini sheria ya dharura iliyoongeza dola 600 kwa wiki juu ya fao la jimbo, na ikawaingiza hata wale wafanyao kazi kwa nafsi zao, ambao hapo kwanza bima hii haikuwahusu. Kwa ukarimu wa sheria ile, mwenye insafu hana la kulalamika. Ila ukarimu wote ule ulilazimika kupita katika mlango ule ule mwembamba wa zamani.

Mitambo ya kuhesabia ya majimbo kadhaa ilikuwa ikitumia lugha ya kompyuta iitwayo COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959, na mafundi walioijua wengi walikuwa wamekwisha kustaafu. Hata mwezi wa Aprili gavana wa New Jersey, Bwana Phil Murphy, alisimama hadharani kuwaomba wenye ujuzi huo wajitolee kuja kusaidia. Wapo waliocheka. Lakini msidhani kuwa ukale wa mtambo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe, kwa maana Florida ilikuwa na mtambo mpya, ulioanza kazi Oktoba 2013 kwa gharama ipatayo dola milioni 77, nao ulianguka vibaya kuliko mikongwe. Huko Hialeah, karibu na Miami, mwanzoni mwa Aprili, watu walijipanga kwa magari na kwa miguu nje ya maktaba ya mji ili wapewe fomu za karatasi, wengine wamejifunika nyuso, wengine wamesongamana bila kitu. Yaani maradhi yaliyowafukuza kazini kwa hofu ya msongamano yaliwakusanya tena foleni. Na walichokuwa wakikingojea hakikuwa malipo. Ilikuwa fomu, ambayo kisha ilipaswa kujazwa, kutumwa kwa posta, na kuingizwa katika mtambo ule ule na mkono wa karani. Fao lenyewe katika Florida lilikuwa dola 275 kwa wiki kwa upeo wake, na kwa wakati ule halikuzidi wiki 12.

Mwezi wa Agosti gavana wa jimbo hilo, Bwana Ron DeSantis, alikiri mbele ya mwandishi wa habari kwamba, kwa maoni yake, mpango ule uliachiwa na waliomtangulia ukiwa umewekewa vizuizi visivyo na maana, ili watu wachoke na kwenda zao. Nawaomba vijana wa sheria mlishike neno hilo. Si mpinzani wa serikali aliyelisema. Ni mkuu wa serikali yenyewe. Kuchelewesha kwaweza kuwa namna ya kukataa ambayo haiachi hati ya kukataa nyuma yake, na pasipo hati hapana rufani.

Kentucky nayo ilitupa mafunzo mawili. Mwezi wa Aprili gavana, Bwana Andy Beshear, akieleza kwa nini malipo yalikuwa yakichelewa, alitaja kwa hasira kwamba kuna mtu wa mzaha aliyeleta madai kwa jina la mwanamuziki mashuhuri wa Marekani aliyekwisha kufa, na kwamba wapuuzi wa namna hiyo ndio wanaowacheleweshea wengine. Kumbe mwenye jina hilo alikuwapo kweli mjini Lexington: mpishi, ambaye kazi yake ilikuwa imesimama, naye alikuwa akingoja malipo yake kwa jina alilopewa na wazazi wake. Gavana alimpigia simu kumwomba radhi, na lazima tumhesabie uungwana huo. Lakini ni wangapi wenye majina yasiyo mashuhuri waliowekwa kando kwa shaka ya namna ile ile, wasipigiwe simu na mtu? Funzo la pili lilikuwa la Juni. Watu wenye madai ya tangu Machi na Aprili, wamechoka na simu isiyopokelewa, walisafiri kutoka pande zote za jimbo mpaka mji mkuu, Frankfort, wakajipanga nje ya majengo ya serikali tangu alfajiri, na wapo waliongoja kwa muda wa saa nane ili waonane na karani mmoja uso kwa uso. Mtu anayesafiri mamia ya kilomita na kusimama saa nane huyo hatuwezi kumwambia kuwa hataki kazi.

Upo upande wa pili, nami sitauficha. Wezi walikuwapo, tena wa magenge, walioiba majina ya watu na kujichotea fedha za bima, na maafisa waliposhika breki hawakuwa wakifanya hivyo kwa chuki. Tatizo la breki ya namna hiyo ni kwamba humsimamisha mwaminifu kwanza, kwa kuwa yeye ndiye asiyejua njia za kando. Jimbo la Michigan, kati ya mwaka 2013 na 2015, liliukabidhi mtambo kazi ya kuwatambua wadanganyifu, mtambo ukawatia hatiani watu wapatao 40,000. Na jimbo lenyewe lilipozikagua hukumu ambazo mtambo ulizitoa peke yake bila jicho la mwanadamu, lilikuta kwamba katika kila mia, 93 zilikuwa za makosa. Wengi wa waliohukumiwa kimakosa walikuwa wamekwisha kukatwa mishahara na marejesho ya kodi kulipia dhambi ambayo hawakuitenda.

Hoja ya nne: kwamba malipo yakikawia, bima hubebwa na wasioitwa

Sasa nimefika mahali ambapo ndipo moyo wa maneno yangu ulipo.

Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi moja ya California ijulikanayo kwa jina la Java. Sheria ya jimbo ilikuwa hivi: mfanyakazi akishaonekana anastahili, mwajiri akikata rufani, malipo husimama mara moja mpaka rufani imalizike, jambo lililochukua wiki kadhaa. Mahakama, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Warren Burger, ilisema kuwa hapana. Kwamba sheria ya mwaka 1935 inaagiza malipo yatolewe yanapostahili, na kustahili huko maana yake ni mapema iwezekanavyo, kwa kuwa shabaha ya bima hii ni kumtia mtu fedha mkononi katika saa ile ambayo vinginevyo asingekuwa na kitu cha kutumia. Kwa msingi huo serikali kuu imeweka kipimo kwamba malipo ya kwanza, asilimia 87 yake, yatoke ndani ya siku 14, au siku 21 kwa majimbo yasiyo na wiki ya kungoja. Katika mwaka 2020 majimbo mengi yaliporomoka mbali chini ya kipimo hicho.

Mtu aweza kuuliza, na nimekwisha kuulizwa: madhara yako wapi, maadamu mwishowe mtu hulipwa na za nyuma zote? Mfanyakazi wa Florida aliyengoja wiki nane akalipwa zote kwa dola 275 hupata dola 2,200 kwa mara moja, na hizo si fedha za kubeza. Lakini zitazameni zinapoingia. Mwenye nyumba anazingoja, pamoja na faini yake ya kuchelewa, ambayo bima haiilipi. Kampuni ya umeme inazingoja, pamoja na ada ya kuunganisha upya. Mwenye duka ana daftari lake. Dada mtu aliyetoa akiba ya karo ya mwanawe anangoja pasipo kusema kitu. Seremala aliyeuza randa na msumeno wake kwa nusu ya bei ili watoto wale, hatavinunua tena kwa bei ile, na kazi ikipatikana ataiendea mikono mitupu. Kwa hiyo zile dola hazikumkinga mtu na dhiki. Zimekwenda kuwalipa waliomkinga, na kuna hasara ambazo hakuna anayezilipa kabisa.

Mwenye duka yule ndiye aliyekuwa bima. Mwenye nyumba, kama alikuwa na huruma, alikuwa bima. Dada alikuwa bima, tena bila mchango wala riba. Wala msifikiri kwamba mnyororo huu huishia mtaa ule. Nimewataja ndugu zetu wa Louisville. Wengi wao wana wazee na wadogo zao waliobaki Uvira, au katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, na ujira wa usafi wa hoteli ndio unaotia chumvi katika chungu cha huko. Madai yakilala Frankfort, Nyarugusu hulala njaa mtu ambaye hajui kama kuna mji uitwao Frankfort.

Najua yupo ambaye moyoni ananijibu kuwa subira huvuta heri. Naam, subira ni sifa njema ya mwenye chakula ghalani. Kumwagiza asiye nacho ni kumtwika mzigo wetu.

Hoja ya tano: kwamba jambo hili linatuhusu hapa nyumbani

Nitakuwa mfupi, maana saa inanikodolea macho.

Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, mtu aliyeacha au kuachishwa kazi alizoea kwenda kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii kuchukua michango yake yote, tukaliita fao la kujitoa. Sheria ilipojaribu kuliondoa mwaka 2012, wafanyakazi walipiga kelele, na wa migodini kuliko wote, hata serikali ikarudi nyuma. Wakubwa waliwaona kuwa ni watu wasiojali uzee wao. Mimi naona walikuwa wakisema jambo lenye mantiki: kwamba fedha iliyo mkononi leo haingojewi, na ile ya kesho hupitia madirisha mengi. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, sekta binafsi ikabaki na NSSF, na pakaletwa fao jipya la kukosa ajira: aliyechangia si chini ya miezi 18, naye hakuacha kazi kwa hiari yake, alipwe asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita.

Theluthi ya mshahara kwa miezi sita ni kitu kidogo, na kwa sababu ni kidogo ndipo wakati wake unapokuwa na thamani zaidi. Fao la miezi sita likichelewa miezi minne, limebaki nini? Na hapa kwetu kinachochelewesha aghalabu si mtambo. Ni mwajiri aliyekata mchango katika mshahara wa mfanyakazi asiufikishe kwenye mfuko. Ni jina lililoandikwa namna moja katika kitambulisho cha taifa na namna nyingine katika daftari la mfuko. Ni barua ya kuachishwa kazi isiyosema sababu, ambayo mfanyakazi aliipokea akiwa amechanganyikiwa asiisome mpaka mwisho. Mambo haya yote yalikuwapo wakati mtu yumo kazini, lakini hayaonekani mpaka siku anapofika dirishani akiwa hana nauli ya kurudi kesho.

Ningependa kuona, kabla ya miaka mingi kupita, kwamba madai yakipokelewa mdai anapewa hati yenye tarehe ya kupokelewa na tarehe ambayo jawabu litakuwa limetoka. Kwamba siku hiyo ikipita pasipo jawabu, malipo ya mwezi wa kwanza yatolewe kwa dhamana ya michango yake mwenyewe, na uchunguzi uendelee nyuma yake. Na kwamba mwajiri aliyeizuia michango abebe yeye hasara ya kungoja, badala ya mfanyakazi. Wataalamu wa hesabu wataniambia kuwa mfuko utapoteza kidogo kwa wadanganyifu. Na upoteze. Hata sasa kuna hasara, ila imeandikwa katika madaftari ya maduka ya mtaani, ambako mkaguzi wa hesabu za serikali hafiki. Vyama vya wafanyakazi mliopo hapa mna nguvu ya kulipeleka jambo hili mbele ya bodi za mifuko, na wanafunzi wa sheria mna kalamu za kuliandika. Gawaneni kazi hiyo kabla hamjatoka ukumbini.

Nina ombi moja la mwisho kwa kila aliyeajiriwa anayenisikiliza, nalo halihitaji bunge wala bodi. Wiki hii, ungali kazini, mshahara ukija na mwajiri akikusalimu kwa wema, uombe mfuko taarifa ya michango yako, uisome mwezi kwa mwezi, ulinganishe jina lako herufi kwa herufi na kitambulisho chako. Na ukiona mwezi umerukwa, uulize kwa maandishi, na nakala ya barua hiyo uiweke nyumbani, usiiache mezani ofisini.